Ugaga wa meno: namna ya kuuzuia nyumbani, na la kufanya ukishaganda

Ukipanda basi la Kampala kwenda Arua, mara nyingi kabla hamjapita Bombo huwa ameshasimama mtu katikati ya viti akinadi dawa. Ataanza na minyoo, aende kwenye mgongo na viungo, kisha afike kwenye meno: kichupa kidogo cha unga, unapaka asubuhi, unasugua, na ule uchafu wa njano uliokaa miaka unabanduka wote. Watu hununua, na sababu yao ni ya kweli. Ugaga unaonekana ukicheka, unanukisha mdomo, na fizi zilizo jirani nao hutoa damu kila ukipiga mswaki. Mtu anataka umalizike leo.

Lakini unga wa kuyeyusha ugaga bila kudhuru jino haupo. Ugaga ulioganda umejengwa kwa madini ya jamii ileile iliyojenga jino, yaani kalisiamu na fosfeti. Asidi yenye nguvu ya kula kimoja itakula na kingine. Unga wenye chenga za kukwangua kimoja utakwangua na kingine, tena utaanza na fizi, ambazo ni laini kuliko vyote viwili. Kwa hiyo kazi ni mbili na kila moja ina mahali pake. Nyumbani unazuia ugaga usiote. Ukishaganda, unaondolewa kliniki na mtu aliyesomea, kwa vyombo vyake.

Jinsi ugaga unavyoota

Saa chache tu baada ya kupiga mswaki, bakteria wa mdomoni huanza kujenga utando mpya juu ya meno. Ukiukwaruza kwa ukucha asubuhi kabla hujanawa uso, unatoka ukiwa mweupe na laini. Huu unatoka kwa mswaki bila shida. Ukiachwa mahali pamoja, madini yaliyomo kwenye mate huingia ndani yake na kuugandisha. Kuganda kunaweza kuanza katika siku moja hadi tatu, na baada ya wiki mbili hivi unakuwa umekomaa. Ni namna ileile birika linavyoota ukoko mweupe ndani kwa kuchemshiwa maji ya kisima kila siku: ukoko ule ni madini yaliyoachwa na maji, na ukishashika, kitambaa hakiutoi.

Kwa kuwa madini hutoka kwenye mate, ugaga hupenda kuota pale mate yanapomwagika. Mifereji mikubwa ya mate hufungukia chini ya ulimi, nyuma ya meno ya chini ya mbele, na kwenye shavu, mkabala na magego ya juu. Hizo ndizo sehemu mbili za kwanza kuchunguza, na ndizo ambazo watu wengi hawazifikishi mswaki. Wanasugua meno ya mbele kwa nje, yale yanayoonekana kwenye picha, wanatema, wanaondoka.

Ugaga ulio juu ya ufizi huwa na rangi ya njano au nyeupe iliyofifia. Uliojificha chini ya ufizi huwa wa kahawia hadi mweusi, mgumu zaidi, na umeng'ang'ania kwenye mzizi. Huu wa chini huwezi kuuona kwa kioo, na ndio unaofanya madhara makubwa. Uso wake umekwaruzika, kwa hiyo utando mpya hushika juu yake kila siku mahali ambapo mswaki haufiki. Fizi hupambana nao kwa kuvimba. Mwanzoni huwa wekundu na damu tu, na ukisafishwa vizuri fizi hurudi zilivyokuwa. Ukiachwa, uvimbe hushuka hadi kwenye mfupa unaoshika meno na mfupa huanza kulika. Mfupa ulioliwa haurudi. Ndiyo maana unamkuta mtu wa miaka arobaini na tano ana jino zima, halina tundu hata moja, lakini linacheza ukiligusa kwa kidole.

Hatua ya 1: jikague

Chukua kioo kidogo na tochi ya simu, simama kwenye mwanga. Osha kijiko cha chuma, kiingize mdomoni upande wa mgongo, ukitumie kuona nyuma ya meno ya chini ya mbele. Kisha pitisha ulimi pale pale. Jino safi ni laini na ulimi unateleza. Unasikia mpaka kati ya jino na jino. Penye ugaga ulimi unakwaruza, na mara nyingi ile mipaka haipo tena kwa sababu meno matatu au manne yameunganishwa na ukuta mmoja.

Si kila rangi kwenye jino ni ugaga. Chai, kahawa, tumbaku na mairungi (miraa) huacha madoa yaliyolala juu ya jino, hayana unene. Kuna pia madoa ya madini ya floraidi. Katika baadhi ya sehemu za Kasese na Kisoro maji ya asili yana floraidi nyingi, na watoto waliokua wakiyanywa huota meno ya kudumu yenye mistari myeupe au mabaka ya kahawia. Hayo yamo ndani ya jino lenyewe, mara nyingi yanalingana kulia na kushoto, na hakuna kukwangua kutakakoyatoa. Nimeona watu wa huko wakiaibishwa kwamba hawapigi mswaki, na inaniuma, kwa sababu hawana kosa lolote. Ugaga ni kitu kilichoota juu: una unene, una ukingo, na umeanzia kwenye ufizi ukapanda.

Kisha tazama fizi. Fizi zenye afya hazitoi damu zikiguswa na mswaki laini. Damu kila siku, uwekundu, uvimbe kwenye ukingo, au harufu isiyoisha hata ukipiga mswaki, ni dalili kwamba kuna kitu kimejificha chini. Mvutaji sigara awe mwangalifu zaidi: tumbaku hupunguza damu kwenye fizi, hivyo ugonjwa unaweza kuendelea ndani huku nje hakuna damu ya kumtahadharisha.

Hatua ya 2: piga mswaki pale utando unapokaa

Hapa ndipo ushindi wote ulipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nunua mswaki wenye nywele laini na kichwa kidogo. Wengi hupenda ule mgumu kwa kuamini unasafisha zaidi. Utando ni laini, hauhitaji nguvu. Mswaki mgumu unachofanya ni kusukuma fizi zishuke na kuacha mizizi wazi, na baada ya miaka michache maji baridi yanakuwa mateso. Ubadilishe kila baada ya miezi mitatu hivi, au mapema zaidi nywele zikishatawanyika. Kila mtu awe na wake.

Dawa ya meno iwe na floraidi. Geuza tyubu usome: kwa mtu mzima tafuta namba kati ya 1000 na 1500 ppm, ndicho kipimo cha floraidi. Kiasi cha punje ya njegere kinatosha, usijaze mswaki mzima. Zipo dawa za meno zenye zinki au pairofosfeti zinazotangazwa kuzuia ugaga. Ni kweli hupunguza kasi ya kuganda juu ya ufizi, na kama wewe ni mtu wa kuota ugaga haraka zinafaa. Haziondoi uliokwisha kuganda, hata kidogo.

Sasa mkono. Laza mswaki kwa mshazari ili nusu ya nywele ikae kwenye jino na nusu iguse ukingo wa ufizi. Tikisa kwa mwendo mfupi sana, papo hapo, mara kumi hivi, kisha vuta kuelekea ncha ya jino: meno ya chini unavuta kwenda juu, ya juu unavuta kwenda chini. Sogea meno mawili, rudia. Ule mtindo wa kusugua kwa nguvu kulia na kushoto unapita juu ya matumbo ya meno na kuacha ukingo wa ufizi, na ukingo ndipo ugaga unapoanzia.

Ushauri wangu ni kuanza na sehemu unayoichukia. Anza nyuma ya meno ya chini ya mbele, mswaki ukiwa umesimama wima, ukitumia ncha yake, jino kwa jino. Kisha nenda nje ya magego ya juu. Hapo funga mdomo kidogo ili shavu lilegee, mswaki upate nafasi. Ukimaliza hizo mbili, ndipo uendelee na mengine yote kwa mpangilio: nje, ndani, sehemu za kutafunia, mwisho ulimi. Ukianza na meno ya mbele, utakuwa umechoka na povu limejaa mdomoni kabla hujafika kwenye kazi yenyewe.

Dakika mbili ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Weka simu ihesabu kwa siku za mwanzo.

Piga mswaki mara mbili kwa siku, na ule wa usiku usiupe likizo. Ukilala mate hupungua sana, na bakteria hupata saa nyingi za utulivu. Kwa nyumba nyingi tatizo ni kwamba mswaki ni jambo la asubuhi: mtu anapiga kabla ya chai, halafu anakunywa chai ya maziwa yenye sukari na mandazi, mchana posho na maharage, jioni rolex mbili (chapati zilizoviringiwa mayai) pale kwenye kibanda, na anapanda kitandani na vyote hivyo. Ukimaliza kupiga mswaki, tema povu, usisukutue kwa maji mengi, floraidi ibaki kazini. Kikombe kimoja cha maji kinatosha kuosha mswaki na kupangusa midomo, hata kama maji mnayachota mbali.

Ukila embe bichi, ndimu, au juisi ya pasheni, ngoja nusu saa hivi kabla ya kupiga mswaki. Asidi hulainisha enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, kwa muda, na kusugua wakati huo kunaila.

Damu ikitoka siku za kwanza, usiache. Wengi huacha kupiga mahali panapotoa damu wakidhani wanapaponya, na utando unaongezeka pale pale. Piga kwa upole, kila siku. Kama tatizo ni utando tu, damu hupungua katika wiki moja au mbili. Ikiendelea baada ya hapo, yaelekea kuna ugaga, na mswaki umefika mwisho wa uwezo wake.

Mswaki wa mti nao una nafasi yake, na sikubaliani na wanaoudharau. Shirika la Afya Duniani limewahi kuhimiza matumizi yake pale ambapo watu wameuzoea na unapatikana. Kata kijiti kibichi, menya ncha kiasi cha sentimita moja, tafuna hadi nyuzi zilainike, kisha tumia nyuzi hizo kwa mwendo ule ule, kutoka kwenye ufizi kwenda ncha ya jino. Kata ncha ikichakaa. Kasoro yake ni mbili: ni vigumu kuufikisha nyuma ya meno, na hauna kipimo cha floraidi kinachotosha. Kwa hiyo utumie mchana, uupumzishe usiku kwa mswaki wenye dawa. Wakati wa Ramadhani piga mswaki na dawa baada ya futari kabla ya kulala, na tena baada ya daku. Katikati mswaki wa mti unakufaa.

Hatua ya 3: kati ya meno

Mswaki hauingii kati ya jino na jino, na ugaga huota huko pia. Uzi wa meno unapatikana kwenye maduka ya dawa ya mjini. Kata kiasi cha urefu wa mkono hadi kiwiko, zungushia kwenye vidole vya kati, ingiza taratibu kwa kuusogeza mbele na nyuma, usiushindilie ukaukata ufizi. Ukishaingia, ukumbatishe kwenye jino moja, panda na kushuka, kisha jino la pili. Mara moja kwa siku inatosha, usiku kabla ya mswaki.

Wenye nafasi pana kati ya meno wananufaika zaidi na vile vimswaki vidogo vya kuingiza kati. Vijiti vya meno vinavyowekwa mezani penye muchomo (nyama choma) ni vya kutolea nyama, basi. Usichokonoe ufizi navyo, na usitumie pini, sindano wala uzi uliochomolewa kwenye gunia.

Hatua ya 4: punguza kinacholisha utando

Sukari inayoingia mara nyingi kidogo kidogo ni mbaya kuliko ile inayoliwa mara moja pamoja na chakula. Muwa husifiwa kwamba unasafisha meno. Nyuzi zake zinasugua kweli, lakini juisi yake ni sukari tupu inayobaki mdomoni, kwa hiyo sukutua kwa maji ukimaliza. Anayetafuna mairungi kwa saa nyingi na soda pembeni anapata vyote viwili, mdomo mkavu na sukari. Tumbaku ya kuvuta au ya kuweka mdomoni inaharibu fizi moja kwa moja, na hata matibabu ya fizi hayakubali vizuri kwa mvutaji. Kwa walioweza kuacha, fizi huanza kupona.

Vitu vya kuacha kabisa

Ndimu na siki: zinalainisha enameli, na ugaga hubaki. Majivu, mkaa uliosagwa na mchanga: vinakwaruza, meno huonekana meupe kwa muda, kisha yanakuwa ya njano zaidi kwa sababu enameli nyeupe imeisha na tabaka la chini limejitokeza. Huko ni kupoteza kitu usichoweza kukinunua tena. Soda ya kuokea (baking soda) ni nafuu kidogo kuliko hivyo, hutoa madoa mepesi, lakini haiyeyushi ugaga na haina floraidi.

Vile vyuma vya ncha iliyopinda vinavyouzwa mtandaoni ili ujikwangue mwenyewe nyumbani, viache. Mwenye kuvitumia kliniki amefundishwa pembe, anaona kwa kioo na taa, na anafika chini ya ufizi. Wewe mbele ya kioo cha bafuni utabandua kipande cha juu, uache cha chini, na njiani utachana ufizi. Baya zaidi ni kwamba utaona meno yamependeza na kuahirisha kwenda kliniki, huku ugaga mweusi ukiendelea kula mfupa.

Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini ni dawa ya muda, kwa kawaida wiki mbili hivi kwa maelekezo ya daktari. Ikitumiwa miezi, huleta madoa ya kahawia na inaweza kuongeza ugaga. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi, hutuliza fizi zenye uchungu. Kuondoa ugaga hayawezi.

Hatua ya 5: nenda kliniki, na useme unataka kusafishwa

Tabia iliyozoeleka kwetu ni kwenda kwa daktari wa meno siku ya kung'oa. Jino likiuma linang'olewa, lisipouma linaachwa. Ugaga hauumi kwa miaka mingi, kwa hiyo unapita katikati ya tabia hiyo hadi siku meno yanapolegea. Sema mlangoni kabisa: "Sijaja kung'oa, nimekuja kukaguliwa fizi na kuondolewa ugaga."

Kwa upande wa serikali, uliza kwenye kituo cha afya cha ngazi ya nne kilicho karibu nawe kama kina ofisa wa afya ya meno. Hawa wamesoma diploma na kusafisha meno ni sehemu ya kazi yao. Hospitali za rufaa za mikoa, kama Arua, Gulu, Mbale, Jinja na Mbarara, zina idara za meno, na juu yao iko Mulago, hospitali ya rufaa ya taifa iliyoko Kampala. Ada za wagonjwa kwenye vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001, isipokuwa kwenye wodi na kliniki za kulipia. Usishangae ukiambiwa mashine ya kusafishia meno ni mbovu. Vyombo vya mkono husafisha sawa na mashine, vinachukua muda mrefu zaidi tu, kwa hiyo uliza kama wanaweza kukufanyia kwa mkono.

Kliniki binafsi bei hutofautiana sana. Uliza kabla ya kukaa kitini: ni bei ya mdomo mzima au ya upande mmoja, na kule kusugua meno kwa brashi mwishoni kumo ndani yake au kunalipiwa peke yake? Hakikisha daktari ana leseni ya baraza la madaktari na madaktari wa meno la Uganda. Maofisa wa diploma wana baraza lao. Tazama pia glavu kama ni mpya, na vyombo kama vimetoka kwenye pakiti iliyochemshwa na kufungwa. Kuuliza hilo ni haki yako. Homa ya ini aina ya B na VVU hupita kwenye damu, na kazi hii ina damu. Kwa sababu hiyo hiyo, usikae kwenye kiti cha fundi wa meno wa sokoni.

Kabla hajaanza, mwambie kama una kisukari, shinikizo la damu, ujauzito, VVU, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Waliowahi kuambiwa wana ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi, au waliowekewa vali, waseme kabisa, kwa sababu bakteria wa mdomoni wakiingia kwenye damu wanaweza kushika kwenye vali, na baadhi yao huhitaji kumeza antibayotiki kabla. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo naye aseme, kwa ajili ya mashine.

Kazi yenyewe iko hivi. Mashine ina ncha nyembamba ya chuma inayotetema kwa kasi na kumwaga maji. Utasikia mluzi mwembamba ndani ya fuvu, na pale ncha inapogusa ugaga mlio hubadilika, unakuwa wa kukwaruza, kisha kipande kinaachia na mlio unalainika. Ukitema, mate yanakuja na damu na chembe za kahawia. Wengine huogopa wakiiona damu hiyo. Inatoka kwenye fizi zilizokwisha kuvimba, na huisha mapema. Ugaga ulioshuka chini sana huhitaji sindano ya ganzi na pengine kurudi siku nyingine. Mwisho meno husuguliwa kwa brashi na dawa nzito ili uso uwe laini na utando uchelewe kushika.

Hofu moja nimeisikia mara nyingi kuliko zote. Mzee mmoja tuliyeketi naye kwenye benchi ya kliniki mjini Arua aliisema waziwazi daktari alipomwita.

"Mwanangu, haya mawe ndiyo yanayoshika meno yangu. Ukiyatoa, si yataanguka?"

"Mzee wangu," daktari akamjibu, "hayo mawe ndiyo yaliyokula mfupa. Yamekushikia jino kwa mkono mmoja na kulichimbia shimo kwa mkono wa pili. Tukiyatoa leo, mfupa uliobaki tunaweza kuuokoa."

Ndivyo ilivyo. Pale ambapo meno yameshalegea, ukuta wa ugaga unaweza kuyafunga pamoja, na ukitolewa mtu anasikia yanacheza. Ulegevu ulikuwepo. Vivyo hivyo nafasi zinazotokea kati ya meno baada ya kusafishwa: zilikuwa zimejazwa ugaga, na fizi zilizovimba zilizificha. Kusafisha kukifanywa vizuri hakupunguzi enameli.

Hatua ya 6: siku za baada ya kusafishwa

Meno huwa mepesi kuhisi baridi kwa siku chache, kwa kuwa sehemu zilizofunikwa muda mrefu sasa ziko wazi. Kunywa maji yasiyo baridi, sukutua na maji ya chumvi, usivute sigara. Fizi zikiuma, parasetamoli inatosha. Jioni ile ile piga mswaki laini, usingoje zipone kwanza, maana utando unaanza upya ndani ya saa chache. Damu inayotiririka bila kukoma, homa, au uvimbe wa uso ni sababu ya kurudi siku hiyo hiyo.

Ratiba ya kurudi inategemea mdomo wako. Kwa wengi ni kila miezi sita hadi mwaka. Aliyeshapoteza mfupa, mvutaji, na mwenye kisukari huitwa mapema zaidi, kila miezi mitatu au minne.

Wajawazito, wagonjwa na watoto

Homoni za ujauzito hufanya fizi zivimbe kwa utando kidogo tu. Kusafishwa wakati wa ujauzito hakuna madhara, na miezi ya katikati ndiyo yenye raha zaidi kukaa kitini, kwa hiyo mama akiona damu aulize pale pale kwenye kliniki ya wajawazito. Kisukari na ugonjwa wa fizi huchocheana: sukari ikipanda fizi huharibika haraka, na fizi zenye usaha hufanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Mwenye kifafa anayetumia fenitoini, na wenye shinikizo la damu wanaotumia nifedipini au amlodipini, fizi zao zinaweza kuota na kufunika meno. Wasiache dawa; wamwambie daktari, na waongeze bidii ya kuondoa utando, kwa sababu penye usafi fizi huota kidogo.

Mtoto aanze kupigwa mswaki jino la kwanza likichomoza. Chini ya miaka mitatu dawa iwe kiasi cha punje ya mchele, kutoka mitatu hadi sita punje ya njegere, na mzazi ashike mswaki mwenyewe hadi mtoto afike miaka saba hivi. Mtoto aliyedhoofika kwa utapiamlo, au aliyetoka kuugua surua, akianza kutoa harufu kali mdomoni na ufizi ukawa na kidonda au rangi ya kijivu, msimpe muda wa kungoja. Hivyo ndivyo huanza noma, ugonjwa wa kuoza mdomo, na hula uso kwa siku chache. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwezi Desemba 2023. Ikikamatwa kwenye hatua ya ufizi, antibayotiki, usafi wa mdomo na chakula huizuia.

Kwa mtu mzima, zilizo za haraka ni hizi: usaha kwenye ufizi, jino lililoanza kucheza, uvimbe wa shavu au shingo wenye homa, baka la zambarau kwenye ufizi au kaakaa, na kidonda chochote cha mdomoni kisichopona kwa wiki mbili. Ukiwa na mojawapo, usianze kwa kubadilisha dawa ya meno. Nenda kaonwe wiki hii.